Rada inazima ikianza kurusha mawimbi: usiifungue kabla hujapima waya

Swali: Fundi, shikamoo. Nina boti ya mbao ya mita 12, injini ya dizeli, inabeba mizigo kutoka Matema kwenda vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Mara nyingi tunarudi usiku, na mvua za huku Kyela unazijua, kwa hiyo nilinunua rada ndogo ya mtumba. Kwenye boksi imeandikwa kilowati 4. Umeme nimeutoa kwenye betri ya injini iliyoko nyuma, nikaupeleka mbele kwenye chumba cha nahodha kwa waya wa nyumba wa mm 1.5, kama mita 9, una viungo vitatu. Nikiiwasha inakaa vizuri na kuhesabu dakika zake, lakini nikibonyeza irushe mawimbi inazunguka kidogo, inazima, inaanza upya. Nikipiga stata nayo inazima. Nimepima plagi ikiwa imechomolewa nikapata volti 12.5, na betri ina 12.6. Jirani ananiambia kilowati 4 haziwezi kutoka kwenye betri, ninunue jenereta. Fundi mmoja anasema rada imeungua, aifungue. Nifanye lipi? Ndaga.

Marahaba, ndugu yangu. Jenereta usinunue, na huyo anayetaka kuifungua mwambie asubiri. Kwa maelezo yako mwenyewe, rada yako ina kila dalili ya kuwa nzima. Inachokosa ni umeme wa kutosha kufika pale ilipo, na sababu umeiandika ndani ya swali lako: mita 9, mm 1.5, viungo vitatu, betri ya stata.

Nianze na hizo kilowati 4, maana zimewatisha wengi na kuwatoa watu hela bure. Namba hiyo ni nguvu ya mpigo mmoja. Rada yenye magnetroni, yaani kile kifaa cha ndani kinachotengeneza mawimbi, hairushi mawimbi mfululizo. Inapiga mpigo mfupi mno, inanyamaza kusikiliza mwangwi, inapiga tena. Kwenye masafa marefu mpigo unaweza kudumu sehemu 0.8 ya milioni moja ya sekunde, na kwa sekunde moja ikapiga mipigo 600 hivi. Zidisha wati 4,000 kwa muda huo na kwa idadi hiyo ya mipigo, utapata wastani usiofika hata wati 2. Umeme mwingi unaokwenda kwenye rada unazungusha antena, unapasha moto uzi wa magnetroni na kuendesha saketi za ndani. Kwa rada ndogo ya kuba, ile ambayo antena yake imefunikwa ndani ya kifuniko cha mviringo, vyote hivyo kwa kawaida ni wati 30 hadi 40. Ongeza skrini yake, tuseme wati 20, tunafika wati 60. Kwa volti 12 hizo ni ampea 5. Taa mbili za mbele za gari dogo zinakula zaidi ya hapo.

Sasa kwa nini inakaa vizuri ikisubiri na kufa ikianza kazi? Katika zile dakika moja na nusu hadi tatu inazohesabu, rada inapasha moto magnetroni tu. Antena haizunguki, saketi ya kupiga mipigo imelala, na mkondo unaopita kwenye waya wako ni mdogo. Ukibonyeza irushe, mota inaanza kuzunguka kutoka kusimama, mipigo inaanza, na mkondo unapanda ghafla. Waya mwembamba na viungo vibovu havionyeshi ubaya wao mpaka mkondo upite. Hapo volti inaanguka, ulinzi wa ndani ya rada unaona imeshuka kupita kiwango, unakata. Mzigo ukiondoka volti inapanda tena, rada inajiona iko salama, inawaka upya. Ndiyo huo mchezo unaouona.

Kwa hiyo kipimo chako cha volti 12.5 ni sahihi lakini hakijakuambia kitu. Umepima plagi ikiwa imechomolewa, yaani waya haubebi chochote. Lori tupu linapanda mlima wa Kitonga bila shida. Injini yake utaijua likiwa na tani 30 mgongoni. Waya nao unapimwa ukiwa na mzigo.

Tupige hesabu ya boti yako. Shaba ina ukinzani wa karibu ohm 0.0175 kwa kila mita ya waya wenye unene wa milimita moja ya mraba. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 9 zako ni mita 18. Chukua 18, zidisha kwa 0.0175, zidisha kwa ampea 5, gawanya kwa 1.5. Jibu ni volti 1.05 zinazopotelea kwenye waya peke yake. Viungo vitatu kwenye waya pacha ni viungo sita, kwa kuwa chanya ina vitatu na hasi ina vitatu. Kiungo cha kusokota na kufunga tepu, kikishapata unyevu wa Kyela kwa miezi kadhaa, kinaweza kula volti 0.15 bila shida. Sita kwa 0.15 ni 0.9. Betri yenyewe ikibeba mzigo injini ikiwa imezimwa itashuka mpaka 12.3 hivi. Toa 1.05, toa 0.9, inabaki 10.35.

Rada nyingi ndogo zimeundwa kukubali kuanzia volti 10.8 hadi kama 31.2, angalia kibandiko cha yako, kiko nyuma ya skrini au chini ya kuba. Umeshuka chini ya hapo. Na kuna ubaya mwingine ambao watu hawaufikirii. Kifaa cha aina hii kinataka wati zake zilezile. Volti ikishuka, kinavuta ampea zaidi ili kufidia: wati 60 kwa volti 10.35 ni ampea 5.8. Ampea zikipanda, waya unakula volti zaidi, na rada inazidi kuvuta. Ndiyo maana haififii polepole kama taa, inakatika mara moja.

Huenda pia umeshaona kwamba injini ikikimbia rada inatulia kidogo, ukipunguza mwendo inarudia ugonjwa wake. Alternata ikichaji inapandisha volti za betri hadi 13.8 au 14.4, kwa hiyo hata ukipoteza volti mbili njiani bado unabaki juu ya 11. Hiyo haimaanishi tatizo limekwisha. Inamaanisha rada itakuzimikia siku ile umepunguza mwendo karibu na ufuko, gizani, kwenye mvua, wakati ambao ndio uliinunulia.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Unahitaji mita ya kawaida, ile ya bei ndogo inatosha, na waya mwembamba wa mita 10 wa kurefushia mkono wa mita. Weka mita kwenye volti za betri. Kwanza, rada ikiwa imechomekwa na inafanya kazi, gusa temino zake pale nyuma ya plagi na mwambie mwenzako abonyeze irushe. Usiangalie skrini ya rada, angalia mita. Andika namba ya chini kabisa uliyoiona kabla haijazima. Ikiwa ni 10 na kitu, tumeshakubaliana mimi na wewe.

Halafu fanya kipimo cha pili, ambacho mafundi wengi hawakifanyi na ndicho kinachoonyesha mgonjwa alipo. Shika mkono mwekundu wa mita kwenye nguzo ya chanya ya betri. Mkono mweusi, kwa ule waya mrefu, uweke kwenye chanya ya rada kule mbele. Chanya kwa chanya. Rada ikiwa imezima mita itasoma karibu sifuri. Irushe mawimbi: namba itakayotokea ni volti zinazoliwa na upande wa chanya peke yake. Ukipata 0.9, hizo 0.9 zimepotea kati ya mikono yako miwili. Sasa sogeza mkono mweusi urudi nyuma, kiungo kwa kiungo. Upande wa kiungo ulioelekea rada mita inasoma 0.7, upande ulioelekea betri inasoma 0.5: kiungo hicho kinakula 0.2, kikate. Fanya hivyohivyo upande wa hasi, kutoka hasi ya rada hadi nguzo ya hasi ya betri. Upande wa hasi ndio wenye siri nyingi, maana watu wanautazama kama hauna kazi. Gusa nguzo yenyewe ya risasi, kisha gusa kikamatio kilichofungwa juu yake. Kukiwa na tofauti kati ya hizo mbili, ule unga wa kijani au mweupe uliojificha ndani umekamata njia. Fungua, sugua mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza.

Ukimaliza utakuwa na picha kamili: waya unakula kiasi gani, viungo kiasi gani, vikamatio kiasi gani. Mara nyingi jumla yake inafanana na hesabu niliyokupigia hapo juu.

Dawa ni waya mnene usio na kiungo njiani. Viwango vya Marekani vya boti, vile vya ABYC, vinataka saketi za vyombo vya kuongozea boti zisipoteze zaidi ya asilimia 3, yaani volti 0.36 kwenye mfumo wa volti 12. Kwa mita zako 9 na ampea 5, waya wa mm 2.5 unapoteza 0.63, haufai. Wa mm 4 unapoteza 0.39, umekaribia lakini haujafika. Wa mm 6 unapoteza 0.26. Nunua mm 6. Najua duka litakuambia huo ni waya wa jiko la umeme na kwamba unapoteza hela. Muuzaji anafikiria waya kuungua, wewe unafikiria volti kufika. Kwa ampea 5 hata mm 1.5 haiungui, ila rada haiwaki.

Ukienda sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kununua, usichukue tena waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene. Boti inatetemeka saa zote injini inapokimbia, na uzi mmoja unachoka na kukatika ndani ya ganda lake bila wewe kuona. Chukua wenye nyuzi nyingi laini. Ulio bora kabisa kwa majini ni wa shaba iliyopakwa bati kila uzi. Huku Mbeya ni vigumu kuupata, inabidi kuagiza Dar es Salaam. Ukishindwa, shaba tupu yenye nyuzi nyingi itafanya kazi miaka mingi, hasa kwa kuwa Nyasa ni maji baridi, siyo chumvi, mradi ncha zake uzifunge zisipitishe unyevu. Angalia jambo hili kwa macho yako dukani: kwangua ncha ya uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya wekundu, ni aluminiamu iliyofunikwa shaba. Ni nyepesi mkononi na bei yake inavutia, lakini ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, na inaoza haraka. Rudisha.

Waya huo mnene hauingii kwenye plagi ya rada, na haitakiwi uingie. Upeleke mpaka kwenye kisanduku kidogo cha fyuzi ndani ya chumba cha nahodha, na kutoka hapo utumie ule mkia mfupi uliokuja na rada. Ncha za waya zibane kwa lagi za shaba, vile vichwa vyenye tundu la skrubu, na koleo lake la kubania, siyo kwa kupiga nyundo. Kisha vuta kwa nguvu; ikitoka mkononi, ingetoka ziwani. Funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Risasi ya kulehemu peke yake siitaki kwenye boti, kwa sababu inafanya waya kuwa mgumu pale inapoishia, na mtetemo unakatia hapohapo. Waya upite juu, usilale kwenye maji ya chini ya sakafu, na ushikwe kila nusu mita hivi usicheze.

Fyuzi ya kwanza iwe kwenye chanya, karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 18. Hiyo inalinda waya wenyewe: panya akitafuna au msumari ukitoboa katikati ya boti, betri inaweza kumwaga mamia ya ampea, na boti yako ni ya mbao na imebeba dizeli. Kwa mm 6, fyuzi ya ampea 20 inatosha. Kule mbele rada iwe na fyuzi yake ndogo, kadiri kitabu chake kinavyosema, mara nyingi ampea 5 au 10. Ikikatika usiweke kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara.

Hayo yanamaliza ugonjwa wa kwanza. Ule wa kupiga stata ni mwingine, na waya mnene hautauponya. Stata ya dizeli inavuta mamia ya ampea, betri inashuka hadi volti 9 au 10 kwa sekunde kadhaa, na chochote kilichofungwa kwenye betri hiyo kinazima. Hatari kubwa zaidi ni ya upande wa pili: usiku umezima injini mnasubiri, rada na taa zinakula betri hiyohiyo, saa tisa unataka kuwasha injini, stata inalia tik. Uko katikati ya ziwa lenye kina cha mita 700, na upepo wa mwera unaanza kuvuma.

Kwa hiyo weka betri ya pili, ya vyombo na taa tu. Iwe ile ya kuchajiwa na kuisha polepole, ya sola, siyo ya gari; ya gari ina bamba nyembamba za kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, ukiimaliza mara kadhaa inakufa. Hesabu ya ukubwa ni nyepesi: ampea 5 kwa saa 8 za usiku ni ampea-saa 40, na betri ya risasi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo angalau 80. Nunua ya 100. Katikati ya betri hizo mbili funga rilei ya kuchajia inayosoma volti. Injini ikiwaka na betri ya stata ikafika kama volti 13.3, rilei inaziunganisha zote zichajiwe. Volti zikishuka kama 12.8, inazitenganisha. Swichi ya mkono ya moja, mbili, zote pia inafanya kazi, lakini inategemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Kwa uzoefu wangu swichi hizo hukutwa zimeachwa kwenye zote. Diodi za kutenganisha nazo zipo, ila zinakula volti 0.6 hivi kwenye chaji, na betri haijai.

Jambo moja la kukataza kabisa: injini ikiwa inakimbia, usikate swichi kuu ya betri wala kulegeza kikamatio kujaribu kama alternata inachaji, kama wafanyavyo gereji nyingi. Alternata ikipokonywa betri ghafla inaweza kurusha volti zaidi ya 80 kwenye mfumo wa 12. Taa zitaungua, na rada uliyoitolea jasho nayo itaungua kweli safari hii.

Sola inasaidia, lakini usiitegemee peke yake huko kwenu. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri la saa 4 inakupa kama wati-saa 300 baada ya hasara zote, wakati rada na skrini kwa usiku wa saa 8 zinakula 480. Na Machi na Aprili Kyela jua lenyewe unaliomba. Pia rada nyingi zina hali ya kurusha kwa zamu: inazunguka mara kadhaa, inalala dakika chache, inaamka. Mkiwa mmetia nanga hiyo inaokoa betri vizuri. Mkiwa safarini iache irushe muda wote. Betri ya lithiamu ni nzuri, volti zake hazishuki haraka, ila usiifunge moja kwa moja kwenye alternata bila kidhibiti chake, kwa sababu inaweza kuvuta chaji nyingi mpaka alternata ichemke.

Ukishapata umeme safi, hakikisha hauharibu vingine. Waya wa chanya na wa hasi wa rada uzisokote pamoja na uzipitishe mbali na dira, maana mkondo wa betri kwenye waya uliotengana unavuta sindano, na utajikuta unaelekea pembeni ya ufuko uliokusudia. Magnetroni yenyewe ina sumaku kali. Kitabu cha rada kinaandika umbali salama kutoka kwenye dira, uheshimu. Waya wa antena ya redio ya VHF usilale pamoja na waya wa rada. Ile kebo nene inayotoka kwenye kuba kuja kwenye skrini usiikate wala kuiunga, hata kama ni ndefu kupita mahitaji: ndani yake umepita umeme pamoja na ishara za picha, na kiungo kimoja kibaya kinakuletea picha yenye mistari au hakuna picha kabisa. Izungushe mzunguko mpana na uifunge. Pale inapoingia ndani ya chumba, iache ining'inie chini kidogo kwanza, maji ya mvua yadondokee nje.

Kuhusu radi, ambayo hukuuliza lakini unaishi chini ya milima inayoivuta: skrubu ya ardhi iliyo kwenye rada haikingi radi. Ile ni ya kupunguza kelele za umeme. Kinga ya radi ni fimbo ya shaba iliyo juu kuliko kuba, waya mnene ulionyooka kushuka, na bamba la chuma ndani ya maji. Kwa maji ya chumvi linatakiwa bamba la karibu mita ya mraba 0.1, maji ya ziwa yanapitisha umeme vibaya zaidi, kwa hiyo kubwa zaidi ni bora. Waya huo usipite sambamba na waya za rada. Hata hivyo radi ikipiga mlingoti moja kwa moja usiitegemee rada kupona; unalinda watu na boti kwanza.

Na usiruhusu mtu yeyote afungue kuba nyumbani. Ndani kuna maelfu ya volti za kupigia magnetroni, na kapasita zinaweza kubaki na chaji baada ya kuzima. Mtu akipanda mlingoti kufunga kitu, zima rada na utoe fyuzi yake, uiweke mfukoni mwako.

Ukimpa kazi hii fundi wa umeme wa malori wa Uyole au Mafiati, ataifanya vizuri. Anajua lagi, fyuzi na alternata kuliko wengi. Mkataze mambo mawili aliyozoea barabarani. La kwanza ni kutumia mwili wa chuma kama njia ya hasi. Kwenye lori chesisi ndiyo hasi, kwenye boti hasi irudi kwa waya wake mpaka betri, isipitie kwenye injini wala kwenye shafti. La pili ni kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili za volti 24, kama wanavyofanya kuwasha redio ya lori. Siku ukija kununua injini ya volti 24, betri ile moja itachoka na nyingine itachajiwa kupita kiasi, zote mbili zitakufa. Rada inayokubali hadi volti 31 ifunge kwenye 24 moja kwa moja, nayo itavuta nusu ya ampea, jambo ambalo waya wako utalifurahia.

Waya mpya ukishafungwa, rudia kile kipimo cha kwanza: temino za rada, rada ikirusha, injini ikiwa imezimwa. Ukipata volti 11.8 au zaidi na rada inafanya kazi, kazi imekwisha. Ukipata hizo 11.8 na bado inazima, hapo ndipo nitakubali kwamba tatizo liko ndani yake, pengine mota ya antena imekuwa nzito au saketi ya mipigo imechoka. Ipeleke kwa fundi wa rada Dar es Salaam ikiwa imefungwa, pamoja na karatasi yenye namba zako zote, ili asianze kukuuliza habari za waya.